Furaha Ndogo za Mzee Krapf



Kamati ya jubilii ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, sisi wanakwaya tuliombwa tuandike juu ya mtu mmoja wa zamani ambaye maisha yake yanagusa huduma yetu. Wengine walitaja watunzi wa nyimbo wa Ulaya. Wengine walitaka tumwandike Mfalme Daudi. Mwisho tukakubaliana juu ya mtu ambaye mkewe amezikwa hapa hapa kwetu, upande wa Kisauni, na ambaye wengi wetu tumeishi karibu na kumbukumbu yake miaka yote bila kuuliza habari zake. Huyo ni Johann Ludwig Krapf. Twamwita Mzee kwa heshima, ingawa alipofika Mombasa alikuwa kijana wa miaka 34 tu.

Kabla ya kuandika tulikwenda kuona. Jumamosi moja baada ya mazoezi tulikodi matatu mbili, wenzetu wa Likoni wakavuka feri mapema, wa Changamwe wakatukuta Kengeleni, tukaenda pamoja hadi Nyali penye mnara wa Krapf na kaburi la mkewe, Rosine. Ng'ambo ya maji unauona Mji wa Kale. Tulikuwa tumebeba mahamri, mbaazi na chupa za chai. Tukasali, tukaimba, kisha mwenyekiti akatukumbusha neno kuu la jubilii yetu, yaani kuuona upendo wa Mungu katika furaha ndogo za kila siku.

Hapo mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye kila mmoja wetu anajua kwamba alimzika mwanawe si zamani, akauliza swali kwa upole. Akasema kwamba yeye haoni furaha yoyote mahali pale. Aonalo ni mama na mtoto waliokufa wiki moja, na mwanamume aliyebaki. Je, tutamwandikia nani habari za furaha tukiwa tumesimama juu ya msiba?

Hakuna aliyemjibu. Chai ilinywewa kimya. Lakini swali lile tulirudi nalo nyumbani, na makala haya tumeyaandika tukiwa nalo.

KIJANA WA DERENDINGEN

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Watu wa nyumbani kwao walikuwa Walutheri wacha Mungu, wa kusoma Neno na kusali pamoja.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda. Alichanganywa na mtoto mwingine. Kipigo kile kilimlaza kitandani karibu nusu mwaka. Mtoto aliyezoea kukimbia mashambani akawa hana la kufanya ila kulala na kusoma, na kitabu kilichokuwako ni Biblia. Akazipenda hadithi za Agano la Kale, za Ibrahimu na Yusufu na wenzao. Alipopona, wakati wa mavuno, wavunaji walipenda kumsikiliza akiwasimulia hadithi hizo shambani.

Hapo ndipo tulipoanza kumfahamu mtu huyu. Kupigwa bila kosa ni dhuluma, na hatusemi kwamba Mungu ndiye aliyeinua fimbo ile. Lakini ndani ya miezi ile ya maumivu kulikuwa na furaha moja ndogo, ya mtoto aliyepata hadithi nzuri. Hakuitupa furaha hiyo kwa sababu ya maumivu. Aliichukua akaenda nayo shambani, akawagawia wengine.

Baadaye shuleni Tübingen alionyeshwa ramani ya Afrika. Upande wetu huu wa mashariki ulikuwa karibu mtupu, majina machache tu. Mtoto akastaajabu mbona hapana kitu. Ustaajabu huo haukumtoka. Alisomea umisionari mjini Basel, Uswisi, akasomea theolojia Tübingen, na mwaka 1837 akasafiri kwenda Ethiopia kwa niaba ya chama cha misheni cha Kianglikana cha Uingereza, CMS.

Ethiopia ilimfundisha kufukuzwa. Alitolewa Adwa mwaka 1838. Akaenda Shoa kwa Mfalme Sahle Selassie, akakaa huko toka 1839 hadi 1842, akajifunza lugha ya Waoromo. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich, mjini Alexandria, Misri. Walipojaribu kurudi Shoa njia ilikuwa imefungwa. Wakiwa nyikani karibu na pwani ya Bahari ya Shamu, Rosine alijifungua kabla ya wakati. Mtoto hakuishi. Walimpa jina la Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi.

MWAKA 1844

Ndipo wakageukia pwani yetu, kwa matumaini ya kuwafikia Waoromo kwa njia ya kusini. Mnamo Januari 1844 walifika Unguja. Sultani Seyyid Said aliwapokea vizuri akampa Krapf barua kwa maliwali wake wa pwani ili wamsaidie. Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa.

Fikirieni, wapendwa, mtu anayefika mahali ambapo hakuna kamusi, hakuna kitabu cha sarufi, hakuna mwalimu wa kukodi kwa saa. Kiswahili kilikuwako, tena kilikuwa na mashairi yake ya miaka mingi yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Lakini kwa mgeni kama yeye, kila neno lilipaswa kuokotwa mdomoni mwa mtu: sokoni, bandarini, barazani. Wenyeji walimsaidia. Kadhi mmoja mwenye elimu alishiriki naye katika kazi ya kutafsiri. Hili tunalisema kwa makusudi. Tunaoishi Kisauni, Likoni na Changamwe twajua maana ya kuwa na jirani Mwislamu, anayetuletea sahani ya futari na tunayempelekea keki wakati wa Krismasi. Maandiko yetu ya Kiswahili, tangu siku zake za kwanza, yana mkono wa jirani huyo.

Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliamua kutumia herufi za Kilatini, hizi hizi zilizo mbele ya macho yako sasa. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847.

Tukihesabu kutoka siku hiyo ya kwanza ya kalamu, hata wiki tano zilikuwa hazijatimia sawasawa. Mapema mwezi wa Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike. Homa ikaingia nyumbani, ikamshika mama, ikamshika na baba. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine akafariki. Siku chache tu baadaye, kitoto nacho kikamfuata mama yake.

Rosine alikuwa ameomba azikwe upande wa bara, mahali ambapo watu wa nchi hupita, ili kaburi lake liwakumbushe wapitaji kilichomleta mbali hivyo. Ndiyo sababu hayuko kisiwani. Ndiyo sababu yuko kwetu. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi kwamba kusimama kaburini kulikuwa kazi.

Hapa tunafika kwenye swali la mama wa sauti ya pili, na hatutaki kulikwepa. Tulitafuta furaha katika mwezi huo wa Julai, hatukuiona, na hatutaitunga. Kuna siku ambazo hazina furaha ndani yake, hata ndogo. Mtu anayemwambia mfiwa atafute jambo la kufurahia saa ileile jeneza linapotoka nyumbani hamsaidii, anamwongezea mzigo.

Tunachokiona ni jambo jingine. Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo liwe ishara ya mwanzo wa kazi, si mwisho wake. Kisha akapona, akarudi mezani. Maneno aliyokuwa akiyaokota mwezi wa Juni aliendelea kuyaokota mwezi wa Agosti.

PUNDA MMOJA, WAGONJWA WAWILI

Kwa miaka miwili alifanya kazi karibu peke yake. Mwezi Juni 1846 akaletewa mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye. Kila aliyewahi kuimba sauti yake peke yake kwa miezi mingi kisha siku moja akaja mwenzake akasimama kando yake, anajua furaha hiyo ilikuwaje.

Waliazimia kuhamia Rabai, juu vilimani, kwa Warabai. Siku hizo Wamijikenda wote waliitwa Wanyika, jina walilopewa na watu wa mjini. Wazee wa Rabai walikuwa wamekubali wageni hao wakae kwao. Lakini ilipofika siku ya kuhama, tarehe 25 Agosti 1846, wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja. Basi wakapokezana: huyu anapanda, yule anatembea akitetemeka, kisha wanabadilishana. Hivyo ndivyo misheni ya Rabai ilivyoanzishwa. Hapakuwa na tarumbeta wala umati wa watu. Ukitaka picha ya Kanisa letu siku lilipoanza kupanda mlima, ni wagonjwa wawili na punda.

Tulipokisoma kisa hiki kwenye mazoezi, watu wa besi walicheka sana, na kicheko kile kilikuwa kizuri. Maana ni kweli kwamba katika hali hiyo zamu ya kupanda punda ni furaha. Ni furaha ya mwendo mfupi, labda wa kutoka mti huu hadi mti ule, na aliyeipata anajua kwamba mwenzake sasa anatembea kwa ajili yake. Kisha anashuka, naye anampa mwenzake furaha hiyo hiyo. Sisi tumeiona kwaya ikienda hivyo kwa miaka hii 50. Anayeweza leo anambeba asiyeweza, kwa nauli, kwa sare, kwa kumshikia sauti anapokohoa, na kesho wanabadilishana.

Huko Rabai walijenga nyumba yao kwa mikono yao, pamoja na vibarua wa kijijini. Waliandika maneno, walitembelea vijiji. Mwaka 1848 Injili ya Luka katika lugha ya Wanyika, iliyotafsiriwa na Krapf, ilichapwa Bombay, India. Mwaka huo huo, tarehe 11 Mei, Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Tarehe 3 Desemba 1849, Krapf akiwa Kitui nchini kwa Wakamba, mawingu yaliachana akauona mlima mwingine mweupe. Jina alilolisikia kutoka kwa wenyeji wake Wakamba ndilo baadaye likawa jina la nchi yetu, Kenya. Wataalamu wa Ulaya waliokuwa wameketi majumbani mwao walikataa kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Baadaye walilazimika kukubali.

Lakini ikiwa tunahesabu waumini, hesabu ni fupi sana. Mtu wa kwanza aliyeitikia Rabai alikuwa Mringe, mlemavu, mtu ambaye kijijini hakuhesabiwa kuwa kitu. Alipenda kukaa na Krapf na kuzungumza juu ya uzima usiokwisha. Alibatizwa akiwa karibu kufa. Baada yake akatokea Abe Gunja. Hao ndio matunda ya miaka mingi. Wamisionari wenzao nao walikufa mmoja mmoja: Wagner mwaka 1849, na Pfefferle mwaka 1851, muda mfupi tu baada ya kufika.

Tungekuwa kamati ya fedha tukiletewa ripoti hiyo, tungeifunga misheni. Hata hivyo Mringe alikuwa na mtu wa kuzungumza naye usiku, na Krapf alikuwa na mtu wa kumsikiliza. Hesabu hiyo haiingii katika ripoti ya mwaka.

NYANI WA NYIKANI

Sasa tunakuja kwenye kisa kilichotufanya tumchague mtu huyu.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani kwa rafiki yake Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Wakamba. Waliondoka pamoja na msafara kuelekea mto Tana. Kabla hawajaufikia, wakavamiwa na maadui. Kivoi akauawa na watu wake wakatawanyika. Krapf alijikuta peke yake porini, bila chakula, bila mwongozaji, hajui nani rafiki na nani adui.

Kiu ikamsukuma hadi mto Tana. Akanywa akashiba. Lakini hakuwa na chombo cha kuchukulia maji ya safari, basi akajaza maji ndani ya mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaziba midomo ya mitutu kwa nyasi na kitambaa. Akatembea usiku, mchana akajificha. Miti ya miiba ikazing'oa zile nyasi gizani, maji ya bunduki yakamwagika. Ya darubini yakaisha.

Akafika kwenye mto mkavu. Mchanga ulikuwa na unyevu kidogo. Akachimba kwa mikono, hakupata kitu. Akatia mchanga ule wenye unyevu kinywani, kiu ikazidi. Nguvu zikamwisha, akalala.

Alipoamka alisikia nyani wakipiga kelele.

Sisi wenye vishamba huko Kilifi na Kwale tunaijua sauti hiyo, wala hatuipendi. Ukiisikia unachukua mawe unakimbilia mahindi. Lakini Krapf alijua kwamba penye nyani hapakosi maji. Sauti ile kwake ikawa sauti tamu kuliko zote. Akaifuata bonde kwa bonde katika ule mto mkavu, hadi akakuta shimo ambalo nyani walikuwa wamelichimba mchangani. Ndani yake mlikuwa na maji. Akamshukuru Mungu, akanywa, kisha akafunga baruti yake kwenye kitambaa ili pembe ya baruti ipate nafasi ya maji, akajaza na mfuko wa darubini na mtutu wa bunduki. Kwa njaa akala baruti kidogo pamoja na machipukizi ya mti. Akainuka akaendelea na safari.

Wapendwa, tumeimba nyimbo nyingi za mito na visima. Kitabu kile cha Mwanzo ambacho Krapf alianza kukitafsiri mwezi mmoja kabla ya kumzika Rosine kina habari za Hajiri, aliyekaa nyikani akingoja mtoto wake afe kwa kiu, kisha akafumbuliwa macho akaona kisima. Hajiri aliitwa na malaika. Krapf aliitwa na nyani. Malaika tungemtambua, labda. Nyani tungemtupia jiwe.

Hapo ndipo jibu letu kwa mama wa sauti ya pili lilipo, kama ni jibu. Maji yale hayakumfufua Kivoi. Hayakumrudisha Rosine wala watoto wale wawili. Hayakumaliza hata taabu ya safari ile, maana baada ya hapo jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha ndugu yao, ikambidi atoroke usiku kabla ya kurudi Rabai. Yalikuwa maji ya siku moja tu. Lakini bila maji ya siku hiyo asingekuwako siku iliyofuata. Furaha ndogo hailipi deni la msiba. Inamwezesha mtu aliyefiwa kuvuka kutoka mto huu mkavu hadi ule mwingine, akiwa hai. Na aliyeichimba mchangani anajua kwamba mtu yule yuko njiani, ingawa waliochimba hawajui.

MIAKA YA MWISHO

Krapf hakuwa malaika naye, na hatutaki kumpamba kupita kiasi. Alikuwa mwepesi wa kuhukumu. Aliandika maneno makali juu ya dini ya majirani waliompokea, na mila nyingi za wenyeji hakuzielewa akaziita giza. Mipango yake ilikuwa mikubwa mno, ya kuweka vituo vya misheni kutoka pwani hii mpaka upande wa pili wa Afrika, wakati watu wenyewe walikuwa wawili na wagonjwa. Rebmann alipendelea kukaa mahali pamoja, akamzidi subira. Yeye alibaki Rabai hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu, baada ya miaka 29.

Afya ya Krapf ilimtoa Afrika Mashariki mwaka 1853. Akaishi Korntal, karibu na Stuttgart, akaoa tena, akaandika. Mwaka 1861 alipanda meli tena akawaleta wamisionari wa Kimethodisti, na misheni ya Ribe ikaanzishwa mwaka 1862, ambako Thomas Wakefield alitumika miaka mingi. Kwa hiyo ndugu zetu Wamethodisti, ambao wamekuja leo na kwaya yao, nao ni wa nyumba hii.

Mwaka 1875, Krapf akiwa mzee huko Korntal, kanisa la Kianglikana lilianzisha Frere Town hapa Kisauni, makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Hao walikuwa watu waliotekwa na kuuzwa mbali na kwao, kisha wakaanza maisha upya kwenye ardhi hii, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kaburi la Rosine. Kengele yao ndiyo iliyopaita Kengeleni mahali tunaposhukia matatu. Kila makanga anapoita jina hilo, anawataja watu hao bila kujua.

Rebmann alifariki Korntal mwaka 1876. Krapf aliendelea na kazi ya kamusi yake ya Kiswahili, yale maneno aliyoyaokota barazani na bandarini na milimani kwa miaka mingi. Jioni moja ya Novemba 1881 aliingia chumbani kulala kama kawaida. Asubuhi ya siku ya pili walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha fariki. Alikuwa na umri wa miaka 71. Kamusi ikatoka London mwaka uliofuata, 1882. Hakuishika mkononi.

TULICHOBEBA KUTOKA NYALI

Kwa miaka 50 kwaya yetu imeimba Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi alizozichagua Krapf mwezi ule wa Juni. Tumeimba harusini na tumeimba matangani, mara nyingine wiki moja. Wapo wenzetu ambao picha zao ziko ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki na viti vyao leo ni vitupu. Hatujui kwa nini wengine walichukuliwa mapema, kama Krapf asivyojua kwa nini Rosine. Tunajua tu vitu vidogo vilivyotuleta hadi hapa: feri ya Likoni iliyokuja bila kuchelewa jioni ya mazoezi, mtoto wa Junior aliyekumbuka ubeti tuliousahau sisi wakubwa, umeme uliorudi katikati ya wimbo, uji wa moto baada ya kesha, sauti nne zilizokutana sawasawa mara moja katika mwezi mzima, kila mtu akageuka kumwangalia mwenzake.

Turudi kwenye ile Jumamosi. Tulipokuwa tukikusanya vyombo kuondoka, mtoto mmoja aligundua kwamba mfuko wa mahamri yaliyobaki haupo. Kunguru walikuwa wameuburuta hadi chini ya mti, wanakula kwa fujo, mmoja amevaa kipande cha karatasi shingoni kama tai ya kwaya. Wa kwanza kucheka alikuwa mama yule wa sauti ya pili. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akafuta macho kwa leso, na hatukumuuliza kama ni machozi ya kicheko au ya kile kingine. Njiani kurudi alianzisha wimbo mwenyewe, na matatu nzima ikaitikia.

Jubilii njema, wapendwa. Leo mkisikia kelele yoyote nje ya kanisa, msikimbilie kutupa jiwe. Sikilizeni kwanza.